Jinsi ya kupika vyakula vinne vya Kigiriki nyumbani (na kwanini kila kimoja kina kwao)

Mi nimekaa Athens miaka tisa, sita kati ya hiyo nimekua jikoni kwenye taverna ndogo huku Kypseli, nilianza na kuosha vyombo kama wengi wetu tunavyoanza. Mpishi alikua mama mtu mzima wa kisiwa cha Sifnos. Siku moja kaweka dengu kwenye chungu, vitunguu, mafuta, maji, basi. Mi kiherehere nikamwambia kyria (ndo wanavyomwita mwanamke wa heshima), hapa si tungetia nyanya na karoti na pilipili hoho ikolee? Akaweka mwiko chini. Akaniambia mwanangu, hizo unazosema ni dengu za mtu mwingine, nenda kampikie huyo mtu.

Nilichukua muda kuelewa kwanini alikasirika. Wagiriki wakiwa wenyewe kwa wenyewe hawasemi sana hiki chakula cha Kigiriki, wanasema hiki cha kisiwa cha Krete, hiki cha Epirus, hiki walikuja nacho bibi zetu toka Smyrna, sawasawa na sisi, jaribu kumwambia Mzanzibari kwamba urojo ni chakula cha Tanzania uone atakavyokutazama. Na faida yake jikoni ni hii: ukijua chakula kimetoka wapi na walikua na nini na hawakua na nini, unajua kipi unaweza kubadilisha ukiwa Dar au Nairobi au Muscat, na kipi ukigusa tu umeharibu. Ndo nilivyopanga huu mwongozo, vyakula vinne vya sehemu nne, vyote nimeshavipika likizo nyumbani Tanga kwa jiko la mkaa na watu wakala wakamaliza.

Musaka (ile ya biringanya na nyama ya kusaga) nimeiacha makusudi, najua mtauliza. Ile sosi nyeupe nzito juu yake sio ya zamani hivyo, ni mambo ya mpishi Nikolaos Tselementes kwenye miaka ya 1920, alikua anapenda sana mapishi ya Kifaransa, na kitabu chake kilienea mpaka leo Mgiriki akisema "tselementes" anamaanisha kitabu cha mapishi. Cha kuchekesha ukoo wake ni wa Sifnos hukohuko kwa yule mama yangu. Musaka ni kazi ya nusu siku, tuiache.

Hatua ya 1: manunuzi, na kipi usibane pesa

Mafuta ya zeituni. Hapo usibane. Hivi vyakula mafuta ndo mchuzi wenyewe, Wagiriki wana kundi zima la vyakula wanaita ladera, maana yake "vya mafuta", na kwa chakula cha familia nusu kikombe ni kawaida kabisa. Ukiweka vijiko viwili alafu ukaongezea mafuta ya alizeti utapata dengu za kuchemsha, hamna kingine.

Feta sasa. Ulaya jina feta limelindwa toka 2002, Denmark na wenzake wakaenda mahakamani wakashindwa 2005, kwahiyo kule feta lazima iwe ya maziwa ya kondoo, na ya mbuzi yasizidi asilimia 30, na itoke bara la Ugiriki au kisiwa cha Lesvos (Krete haimo, Wakrete wana jibini zao wenyewe). Huku kwetu sheria hiyo haifiki, supamaketi utakuta jibini ya ng'ombe imeandikwa feta, sio sumu, ila inakua na maji mengi na haina ule ukali. Ukipata ya mbuzi iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi chukua hiyo. Ukikosa kabisa chukua ya ng'ombe, iweke kwenye chujio usiku mzima itoe maji.

Vingine vipo sokoni: dengu (naongelea zile kubwa nyeupe za mviringo, Wakenya msinichanganyie na ndengu za kijani), vitunguu, vitunguu saumu, nyanya, malimau, bizari nyembamba, mdalasini, unga wa ngano, mayai, mtindi, nyama ya kusaga, na oregano kavu, wao wanaita rigani, iko kwenye vichupa vya viungo supamaketi.

Hatua ya 2: dengu za Sifnos (revithada), anza Ijumaa usiku

Sifnos ni kisiwa cha wafinyanzi. Udongo mzuri, vyungu vinafinyangwa mpaka leo, na kuni sio za kuchezea, kwahiyo Jumamosi tanuri likishawashwa mtu hawezi kuacha ule moto upotee bure. Kila nyumba ilipeleka chungu chake chenye mfuniko, kinaitwa skepastaria, kinaingia kwenye tanuri la kuni jioni ya Jumamosi kinalala humo, Jumapili watu wakitoka kanisani wanakichukua kikiwa cha moto. Wengine bado wanafanya hivyo. Maji ya kupikia yalikua ya mvua, yaliyokingwa nyumbani, kwasababu maji ya mvua hayana chokaa na dengu zinalainika haraka. Hilo la mwisho lishike, ntarudi.

Kwa watu sita: dengu nusu kilo, vitunguu maji vikubwa vitatu, mafuta ya zeituni nusu kikombe kizuri, jani moja kavu la bay kama unalo, chumvi, pilipili manga, malimau mawili. Imeisha. Hakuna nyanya.

Ijumaa usiku loweka dengu kwenye maji mengi na kijiko cha chai cha chumvi, saa 12 au zaidi, zitavimba mara mbili kwahiyo bakuli liwe kubwa. Jumamosi zimwage maji, zioshe. Kata vitunguu vipande vyembamba virefu, nusu weka chini ya chungu, dengu juu, nusu nyingine juu yake, jani, chumvi, pilipili manga, mimina mafuta, alafu maji yafunike dengu yapite kwa vidole viwili. Usikaange chochote. Najua mkono unawasha, sisi bila kukaanga kitunguu tunaona hatujapika, lakini hapa kitunguu kinatakiwa kiyeyuke chenyewe pole pole mpaka usikione, ndo kinafanya mchuzi uwe mzito na mtamu.

Kama una oveni: digrii 220 nusu saa ya kwanza, shusha mpaka 150, acha saa 4 au 5. Kama unalala nazo weka 120 usiku mzima. Kama huna oveni, chungu cha udongo juu ya jiko la mkaa, zikichemka tu punguza makaa yabaki machache na uyafukie na majivu, mfuniko ufunge kwa unga uliokandwa na maji pembeni kote mvuke usitoke (huko nako wapo wanaofanya hivyo), na makaa matatu manne juu ya mfuniko, yaani unapalia kama unaoka mkate wa sinia, ila moto mdogo sana. Saa 5. Usifungue fungue.

Makosa mawili nimeyafanya mwenyewe. La kwanza nilitumia maji ya kisima cha nyumbani Tanga ambayo yana chokaa mpaka birika linaota ukoko mweupe ndani, dengu zikakaa saa 7 zikabaki kama kokoto, shangazi akanionea huruma akawasha jiko la gesi akapika wali maharage. Safari iliyofuata nikakinga maji ya mvua kwenye ndoo kama Wasifnos wenyewe, saa 4 na nusu zimekua siagi. La pili ni limau. Usilitie chunguni wakati zinapika, uchachu unazifanya ngumu, kamua kila mtu kwenye sahani yake.

Utajua zimeiva dengu ukiibana na ulimi kwenye kaakaa inapondeka bila meno, na mchuzi umekua mzito rangi ya asali. Mara ya kwanza kumpikia yule mama, alionja kijiko kimoja akasema "chumvi", akaondoka. Nikapongezwa na wenzangu jikoni, kumbe hiyo kwake ndo sifa.

Hatua ya 3: pita ya Zagori (alevropita), kama saa moja

Toka visiwani mpaka milimani. Zagori iko Epirus, kaskazini magharibi, milima ya Pindus, baridi kweli, zamani wachungaji walikua wanahama na kondoo, kiangazi juu milimani, baridi ikianza wanashuka tambarare. Mtu anayehama habebi tanuri. Anabeba unga, jibini, siagi, na gastra, ambayo ni mfuniko mkubwa wa chuma kama kengele, trei inakaa chini, mfuniko juu, makaa na majivu yanamwagwa juu ya mfuniko. Nilipoonyeshwa hiyo kitu mara ya kwanza nilicheka peke yangu, si ndo kupalia kwetu huko! Kwahiyo hiki chakula kwa jiko la mkaa kiko nyumbani kabisa.

Pita za Epirus (ni kama pai, sio ule mkate) ziko nyingi, za mboga za porini, za nyama, za malenge, nyingi zinataka kusukuma unga mpaka uwe kama karatasi na hiyo ni kazi ya miaka, hutaiweza kwa kusoma hapa. Hii ya Zagori ndo ya mama aliyerudi shamba amechoka na watoto wana njaa. Hausukumi chochote. Haina hamira.

Chukua unga wa ngano gramu 250 (vikombe viwili hivi), mayai 2, maziwa au maji mililita 300, mafuta ya zeituni vijiko vitatu vya kula, chumvi kidogo sana maana feta ina chumvi yake, feta gramu 200, siagi kama yai dogo. Koroga vyote isipokua feta na siagi mpaka upate uji mwepesi kama wa chapati za maji, uache dakika 20. Oveni iwe 230, moto kweli. Trei kubwa, ile ya oveni yenyewe, paka mafuta iache ndani ya oveni dakika 5 iwe ya moto, itoe, mwaga uji, lazima usikie chwaaa. Tandaza uwe mwembamba, nusu sentimita isizidi. Vuruga feta kwa vidole juu yake, siagi vipande vipande, rudisha ndani dakika 25 mpaka 30, mpaka iwe kahawia yenye madoa na pembeni imekauka inavunjika.

Kwa mkaa: sufuria pana la chini bapa, sinia juu, makaa mengi juu na machache chini. Kumbuka hilo, juu ndo kwingi.

Kosa la kila mtu ni kuifanya nene. Nimeona watu wanaweka kwenye trei ya keki, inatoka imevimba laini ndani kama kitumbua kisicho na sukari, hiyo sio pita ya Zagori hiyo ni huzuni. Ikiwa nyembamba unaikata na mkasi au unaivunja kwa mkono, unakula umesimama.

Hatua ya 4: nyama za Smyrna (soutzoukakia)

Hii ndo mtu wa pwani akiila anauliza mbona kama ya kwetu.

Smyrna leo inaitwa Izmir, iko Uturuki. Wagiriki waliishi pale karne na karne, mji wa bandari, wafanyabiashara, Waarmenia, Wayahudi, Waturuki, kila mtu na viungo vyake. Septemba 1922 mwisho wa vita mji ukaungua, watu wakajazana gatini wanasubiri meli, na Januari 1923 kule Lausanne zikakubaliana serikali mbili kubadilishana watu kwa dini: zaidi ya Wakristo milioni moja wakaingia Ugiriki, Waislamu laki kadhaa wakatolewa Ugiriki kupelekwa Uturuki, wengine hata lugha ya kule wanakopelekwa hawaijui. Nchi yenyewe ilikua na watu kama milioni 5 tu, hebu piga hesabu. Mpaka leo Athens kuna mtaa unaitwa Nea Smyrni, Smyrna Mpya. Wenyeji waliwacheka wakimbizi hawa kwa chakula chao, viungo vingi, saumu nyingi, alafu baada ya muda kila taverna ya Ugiriki inapika. Jina lenyewe la Kituruki, sucuk ni soseji, soutzoukakia ni visoseji.

Nyama ya kusaga nusu kilo, ya ng'ombe au changanya na ya kondoo. Mkate uliolala vipande viwili vinene. Wao wanauloweka kwenye divai nyekundu, sisi tusiotumia loweka kwenye maji yenye kijiko cha siki, nimejaribu zote tofauti ni ndogo. Kitunguu saumu punje 4 zilizopondwa. Bizari nyembamba vijiko viwili vya chai, ikaange kavu kwanza kwenye kikaango uisage mwenyewe, ya kopo iliyokaa mwaka dukani haina harufu tena. Chumvi, pilipili manga. Hapa ndo nawaomba: bizari nyembamba peke yake. Usitie garam masala, usitie mchanganyiko wa pilau, usitie tangawizi. Ukitia inakua kebabu, na kebabu tunazijua, tunazipika vizuri kuliko wao.

Kamua mkate, changanya na nyama na viungo, kanda dakika 5 nzima mpaka mchanganyiko uwe unanata mkononi. Weka frijini saa moja, kama huna friji kanda zaidi tu. Lowesha mikono, tengeneza vidonge virefu kama kidole gumba cha mwanaume, viwe vimechongoka kidogo pande mbili, sio duara. Vitapungua vikiiva kwahiyo usivifanye vidogo.

Sosi: nyanya mbivu 6 zikwaruze kwenye kikwaruzo maganda yabaki mkononi, mafuta ya zeituni robo kikombe kwenye sufuria, punje moja ya saumu, nyanya, kijiko cha nyanya ya kopo, kijiti cha mdalasini, bizari nyembamba robo kijiko cha chai, sukari ya kubana kwa vidole kama nyanya zina uchachu. Ichemke pole pole dakika 20 mpaka mafuta yaanze kuonekana juu.

Kaanga nyama kwenye mafuta kidogo zipate rangi tu pande zote, zisiive ndani, alafu ziingize kwenye sosi, moto mdogo, dakika 15 mpaka 20, tikisa sufuria usikoroge na mwiko zitavunjika. Zinaliwa na wali. Wali mweupe, wa mafuta, na hata wa nazi nimejaribu, yule mama angenifukuza lakini jamani ilikua tamu.

Hatua ya 5: dakos ya Krete, dakika za mwisho

Hii fupi. Wakrete walioka mkate wa shayiri alafu wanaukata na kuuoka tena moto mdogo mpaka ukauke kabisa, unaitwa paximadi, unakaa miezi bila kuoza, mchungaji na baharia wanaondoka nao. Mgumu, ukiuma hivihivi jino linabaki. Unauamsha na maji.

Ukikosa wa shayiri chukua mkate wa brauni usio na sukari, kata vipande vya sentimita 2, oveni digrii 110 saa mbili au juani siku mbili mpaka ukigonga mezani unalia ko ko ko. Zile tosti za kuchovya kwenye chai hazifai, zina sukari. Jibini yao inaitwa mizithra, mimi natumia mtindi mzito wenye chumvi kidogo, naufunga kwenye kitambaa safi naning'iniza Jumamosi usiku juu ya bakuli, asubuhi umekua kama jibini laini.

Kwenye kula: nyunyizia paximadi maji ya bomba kidogo, sekunde tu, usilitose. Mafuta ya zeituni. Nyanya iliyokwaruzwa, na maji yake yote, hayo ndo yatamalizia kulainisha. Mtindi ule juu. Oregano ukiisugua kati ya viganja. Mafuta tena. Subiri dakika 5. Katikati inatakiwa bado igombane na meno kidogo.

Hatua ya 6: kuweka mezani

Jumapili yako iende hivi: asubuhi toa dengu, zikae zifunikwe, hazitaki kuliwa zinaunguza. Saa 4 kanda nyama, saa 5 weka sosi, saa 5 na nusu uji wa pita, saa 6 kaanga nyama na pita iingie motoni, dakos tengeneza watu wameshakaa. Kila kitu katikati ya meza kwa pamoja, kila mtu na mkate wake wa kuchovya, hakuna cha kwanza wala cha pili.

Dengu zikibaki, na utataka zibaki, Jumatatu usizipashe sana, zile vuguvugu na zeituni na kitunguu kibichi. Visoseji vya Smyrna vya jana vikate kwa urefu weka ndani ya mkate na ile sosi yake iliyoganda. Pita haibaki, hilo sina ushauri nalo.